Dakika 40: Nyayo za Waliotafuta Kuuokoa Moyo Ulionyimwa Damu

Mwaka 1881 mwanapatholojia wa Kijerumani, Julius Cohnheim, alifunga kwa uzi mshipa unaolisha moyo wa mbwa. Moyo ulidunda ovyo kwa dakika chache, kisha ukasimama na haukurudi tena. Jaribio hilo lilikaa vichwani mwa madaktari wa Ulaya na Marekani kwa miaka 30 kama hukumu iliyokwisha kutolewa: mshipa wa moyo ukiziba ghafla, mtu hufa papo hapo. Kwa imani hiyo hapakuwa na cha kutibu. Daktari angehangaika vipi na ugonjwa unaomuua mgonjwa kabla yeye hajaitwa?

Aliyeivunja hukumu hiyo alikuwa James Herrick wa Chicago. Mwaka 1912 alichapisha habari za mgonjwa wa miaka 55 aliyeshikwa na maumivu makali baada ya kula chakula. Maumivu yalimkaza, jasho likamtoka, mapigo yakawa dhaifu. Lakini hakufa siku ile wala kesho yake. Aliishi saa 52. Maiti ilipopasuliwa, mshipa wa kushoto wa moyo ulikutwa umezibwa na donge jekundu la damu karibu kabisa na chanzo chake. Herrick akaandika kile ambacho wengine walikiona bila kukitambua: mtu anaweza kuzibwa mshipa wa moyo akaishi saa, akaishi siku, hata akapona.

Wenzake hawakumjali. Ilimbidi arudi tena mwaka 1918, safari hii akiwa na michoro ya kipimo cha umeme wa moyo, chombo alichokibuni Willem Einthoven kule Leiden, Uholanzi, mwanzoni mwa karne. Michoro ilionyesha moyo uliozibwa mshipa ukitoa alama zake wakati mgonjwa angali hai. Ndipo masikio yalipofunguka. Njia ninayoifuata katika makala hii inaanzia kwenye zile saa 52, kwa sababu hoja yote ya kuulinda moyo imesimama juu yake. Kama moyo hufa polepole, basi upo muda. Na kama upo muda, mtu anaweza kuutumia au kuupoteza.

Nyuma ya Herrick zipo nyayo nyingine mbili ambazo siwezi kuziruka. Ya kwanza ni ya William Heberden wa London, aliyeeleza mwaka 1768, na kuchapisha mwaka 1772, yale maumivu ya kubanwa kifua yanayomshika mtu akipanda mlima na kumwachia akisimama. Kati ya wagonjwa wake alimtaja mmoja aliyejipangia kazi ya kupasua kuni kwa msumeno nusu saa kila siku, na akakaribia kupona kabisa. Heberden hakuwa na maelezo. Aliandika alichokiona akaendelea. Tutakutana na maana yake zaidi ya miaka 200 mbele.

Ya pili ni ya John Hunter, daktari mpasuaji aliyesifika kuliko wote katika London ya zama zake. Alisumbuliwa na maumivu ya kifua kwa miaka, na alijua kuwa hasira humletea. Tarehe 16 Oktoba 1793, katika kikao cha hospitali ya St George's, alipingwa hadharani, akatoka chumbani akiwa amejizuia, akaanguka na kufa. Mishipa ya moyo wake ilikutwa imekakamaa mithili ya mfupa. Mwanafunzi wake Edward Jenner, yule wa chanjo ya ndui, alikuwa ameshashuku zamani kuwa tatizo liko kwenye mishipa hiyo, lakini alinyamaza kwa kuchelea kumvunja moyo mwalimu wake. Hata angesema, dawa isingekuwapo.

Baada ya Herrick, ulinzi pekee uliopatikana ulikuwa kulala. Mgonjwa alilazwa kitandani wiki sita, akilishwa na kugeuzwa, asinyanyue hata mkono, kwa imani kwamba kovu la moyo linahitaji utulivu. Wengi walipata damu iliyoganda miguuni, ikasafiri hadi mapafuni na kuwaua. Mwaka 1952 Samuel Levine na msaidizi wake kijana, Bernard Lown, wote wa Boston, walithubutu kuwakalisha wagonjwa kwenye viti siku za mwanzo tu, na wagonjwa wakaendelea vizuri. Hatua hiyo ilikuwa ya kibinadamu na ya busara, ila moyo wenyewe ulikuwa haujaguswa bado.

Waliougusa walikuwa wapasuaji, na wao walisukumwa na haja tofauti. Ili kuziba tundu ndani ya moyo wa mtoto, lazima damu isimamishwe, na mtu mwenye joto la kawaida ubongo wake hauvumilii kukosa damu kwa zaidi ya dakika chache. Wilfred Bigelow wa Toronto alileta jibu mwaka 1950: upoze mwili kwanza. Mwili uliopozwa hutumia oksijeni kidogo, kwa hiyo huvumilia njaa ya damu kwa muda mrefu zaidi. Tarehe 2 Septemba 1952, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, F. John Lewis alimpoza mtoto wa kike wa miaka mitano hadi karibu nyuzi 28 za Selsiasi, akasimamisha damu, akafungua moyo, akashona tundu na kuufunga, yote kwa muda wa chini ya dakika sita. Mtoto alipona. Miezi minane baadaye, Mei 1953, John Gibbon wa Philadelphia alifaulu kutumia mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, na wapasuaji wakapata saa badala ya dakika.

Mashine ililinda ubongo, lakini moyo uliotengwa na damu ili upasuliwe uliendelea kuumia. Denis Melrose wa London alidhani amepata ufumbuzi mwaka 1955: kuuingizia moyo dawa yenye potasiamu nyingi ili ulegee na usimame. Moyo uliosimama hautumii nguvu nyingi. Wazo lilikuwa sahihi, kipimo kikawa kikali mno. Misuli ilikutwa na majeraha, na njia ikaachwa kwa zaidi ya miaka kumi. Katika miaka hiyo wapasuaji walikutana na jambo la kutisha ambalo Denton Cooley wa Houston alilieleza mwaka 1972. Upasuaji umekwenda vizuri, damu imerudishwa, lakini moyo umekaza kama jiwe, haukunjuki wala haudundi. Mgonjwa anakufa mezani huku kila kilichotakiwa kushonwa kikiwa kimeshonwa.

Wazo la Melrose liliokolewa na watu wenye subira. David Hearse, mwanabaiolojia, na Mark Braimbridge, mpasuaji, wote wa hospitali ya St Thomas' ya London, walikaa maabara na mioyo ya panya wakipima chumvi moja baada ya nyingine: potasiamu kiasi gani, magnesiamu kiasi gani, kalsiamu kiasi gani, baridi kiasi gani. Maji ya chumvi waliyoyachapisha mwaka 1976 yamebeba jina la hospitali yao, na yametumika katika vyumba vya upasuaji sehemu nyingi za dunia. Mtu aliyebadilishiwa valvu ya moyo na kuamka salama huenda ana deni kwa watu hao wawili bila kujua.

Lakini mgonjwa anayezibwa mshipa akiwa sokoni au shambani hakupangiwa tarehe. Hakuna aliyeupoza moyo wake mapema, wala aliyeuandalia maji ya chumvi. Kwa huyu ilibidi njia nyingine ipasuliwe, na aliyeipasua alikuwa Robert Jennings.

Jennings alikuwa mwanapatholojia katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, mji uleule wa Herrick. Alifunga mshipa wa moyo wa mbwa kwa muda maalumu, kisha akaufungua na kuitazama misuli kwa hadubini. Mwaka 1960 alichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi. Misuli iliyorudishiwa damu baada ya kukaa muda mrefu bila hiyo ilionyesha, ndani ya muda mfupi tu, uharibifu ambao katika moyo uliobaki umefungwa huchukua saa 24 kuonekana. Damu, iliyosubiriwa kama mkombozi, ilifika ikaongeza uharibifu.

Sababu zake zilichambuliwa taratibu katika miaka iliyofuata. Moyo hudunda takribani mara 100,000 kwa siku, na hauna akiba ya nguvu ya kutosha kukaa bila oksijeni. Damu ikikatika, seli huhamia kwenye njia ya kuzalisha nguvu bila oksijeni, na njia hiyo huacha asidi. Asidi ikijaa, seli hujitahidi kuitoa kwa kuingiza sodiamu. Sodiamu ikizidi, kalsiamu nayo huingia. Wakati huo wote asidi ileile inayoidhuru seli inazuia pia baadhi ya mambo mabaya yasitokee. Damu inaporudi ghafla, asidi husafishwa kwa dakika chache, kalsiamu hufurika, oksijeni mpya huzaa kemikali kali zinazounguza kuta za seli, na mitokondria, ambazo ndizo zinazozalisha nguvu, hutoboka matundu. Seli hujikunja kwa nguvu zake zote na kuchanika. Wakulima wa mteremko wa Kilimanjaro wanajua kinachotokea mfereji uliokauka ukifunguliwa wote kwa mara moja juu ya shamba lililopasuka kwa jua: maji yale yale yaliyoombwa huchukua udongo na mimea. Hata hivyo hakuna mkulima anayeamua kuuacha mfereji umefungwa, na hakuna daktari anayesema mshipa ubaki umeziba. Moyo usiorudishiwa damu hufa karibu wote katika eneo lililonyimwa. Swali ni lini urudishiwe, na kwa namna gani.

Swali la lini lilijibiwa na Jennings huyohuyo na mwenzake Keith Reimer, wakati huo wakiwa wamehamia Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina. Utafiti wao wa mwaka 1977 naona ndio wenye uzito kuliko yote katika njia hii. Walifunga mshipa kwa dakika 40 katika mbwa wa kundi moja, saa tatu katika la pili, saa sita katika la tatu, na katika la nne hawakuufungua kabisa. Dakika 40 ziliua zaidi ya theluthi moja ya unene wa misuli iliyokuwa hatarini. Saa tatu ziliua zaidi ya nusu, saa sita takribani asilimia 70, na mshipa usiofunguliwa ukaua asilimia 85. Kifo kilianza upande wa ndani wa ukuta wa moyo na kusonga kuelekea nje kama wimbi. Kwa mara ya kwanza madaktari waliweza kuona kwa tarakimu kile ambacho saa 52 za Herrick zilidokeza. Kila dakika ina kipande chake cha nyama, na kipande kikishakufa hakioti tena.

Kumbe bado palikuwa na mabishano ya msingi. Wako wanapatholojia walioshikilia kuwa damu inayokutwa imeganda ndani ya mshipa ni matokeo ya mshtuko wa moyo, haikuwa sababu yake. Kama hiyo ni kweli, kuliyeyusha donge ni kazi bure. Marcus DeWood, daktari wa Spokane katika jimbo la Washington, aliyamaliza mabishano mwaka 1980 kwa kufanya jambo ambalo wengi waliliogopa. Aliwapiga picha ya mishipa wagonjwa waliokuwa katikati ya mshtuko wa moyo. Kati ya waliofika ndani ya saa nne, asilimia 87 walikuwa na mshipa ulioziba kabisa. Donge ndilo lililokuwa likiua.

Dawa ya kuliyeyusha ilikuwapo tangu zamani. Mwaka 1933 William Tillett wa Baltimore aligundua kuwa bakteria fulani wa koo hutoa kitu kinachoyeyusha damu iliyoganda, na dawa iliyotokana nacho ikaitwa streptokinasi. Evgenii Chazov wa Moscow aliiingiza dawa ya namna hiyo moja kwa moja ndani ya mshipa wa moyo katikati ya miaka ya 1970, na Peter Rentrop akafanya hivyo Göttingen, Ujerumani, mwaka 1979. Kilichokosekana kilikuwa ushahidi wa wagonjwa wengi. Waitalia waliuleta mwaka 1986. Katika utafiti wao uitwao GISSI, wagonjwa zaidi ya 11,000 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa streptokinasi kwa sindano ya mshipa wa mkononi. Vifo vilishuka kutoka asilimia 13 hadi 10.7. Ukitazama waliotibiwa ndani ya saa moja tangu maumivu yaanze, vifo vilipungua kwa karibu nusu. Wale waliochelewa sana hawakupata faida. Mbwa wa Reimer walikuwa wamesema kweli.

Miaka miwili baadaye ukaja utafiti ambao natamani kila mtu mwenye duka la dawa aufahamu. ISIS-2, ulioongozwa kutoka Oxford, ulikusanya wagonjwa 17,187 katika hospitali 417. Wengine walipewa streptokinasi, wengine aspirini miligramu 160 kwa siku kwa mwezi mmoja, wengine vyote viwili, wengine hawakupewa hata kimoja. Baada ya wiki tano, vifo vya moyo na mishipa miongoni mwa wasiopata chochote vilikuwa asilimia 13.2, na miongoni mwa waliopata vyote viwili asilimia 8. Aspirini peke yake, kidonge kinachouzwa kwa bei ya pipi, ilipunguza vifo kwa asilimia 23, karibu sawa na dawa ghali ya kuyeyusha donge.

Turudi mwaka wa GISSI, 1986: kule Duke, njia iligawanyika. Charles Murry alikuwa mwanafunzi katika maabara ya Jennings na Reimer. Aliziba mshipa wa moyo wa mbwa kwa dakika tano, akauachia dakika tano, akarudia hivyo mara nne, kisha akauziba kwa dakika 40 kamili. Kwa hesabu ya kawaida moyo huo, uliokwisha kuteswa mara nne, ungeumia zaidi ya ule uliozibwa dakika 40 bila matayarisho. Matokeo yalikuja kinyume. Jeraha lilikuwa robo tu ya lile la mbwa wasiotayarishwa. Mateso madogo yaliuandaa moyo kwa mateso makubwa. Ndipo watu walipomkumbuka yule mgonjwa wa Heberden na msumeno wake, na wale wazee ambao maumivu ya kifua huwashika asubuhi wakianza kutembea kisha hutoweka wakiendelea.

Katika ripoti hiyo ya Murry lipo jambo la pili ambalo halikusherehekewa sana. Mshipa ulipozibwa kwa saa tatu badala ya dakika 40, matayarisho hayakusaidia chochote. Ulinzi ule ulichelewesha kifo tu. Ulimnunulia mgonjwa muda, kwa sharti kwamba damu irudi kabla muda huo haujaisha.

Maabara za dunia nzima zilikimbilia ugunduzi huu, na naelewa kwa nini. Mwaka 1993 Karin Przyklenk na wenzake walionyesha kuwa kutesa kidogo eneo moja la moyo hulinda eneo jingine ambalo halikuguswa. Kisha ikaonekana kuwa hata kiungo cha mbali, mkono au mguu, kikinyimwa damu kwa dakika chache hupeleka salamu za ulinzi hadi moyoni. Mwaka 2003 huko Atlanta, Zhi-Qing Zhao na Jakob Vinten-Johansen walifungua mshipa wa mbwa kwa vipindi vya sekunde 30, wakifungua na kufunga, badala ya kuufungulia damu mara moja, na jeraha likapungua kwa zaidi ya theluthi. Hilo lilimaliza ubishi uliodumu tangu mwaka 1960: kama namna ya kurudisha damu inabadili ukubwa wa jeraha, basi sehemu ya kifo kweli hutokea damu inaporudi.

Mwaka 2010 Hans Erik Bøtker wa Aarhus, Denmark, aliuchukua ujuzi huo akaupandisha kwenye gari la wagonjwa. Mkanda wa presha ulifungwa mkononi mwa mgonjwa wa mshtuko wa moyo, ukajazwa upepo dakika tano, ukaachiwa dakika tano, mara nne, wakati gari linakwenda hospitali ambako mshipa ungefunguliwa kwa puto, njia iliyoanzishwa na Andreas Grüntzig kule Zürich mwaka 1977. Sehemu kubwa zaidi ya misuli ilinusurika. Fikiria: mkanda wa presha upo hata katika zahanati ya kijiji. Nilipofika hapa katika kuifuata njia hii moyo wangu ulijaa matumaini kwa ajili ya nchi zetu.

Kisha zikaja tafiti kubwa. Mwaka 2015 tafiti mbili, moja ya Uingereza na nyingine ya Ujerumani, ziliujaribu mkanda kwa wagonjwa wa upasuaji wa moyo karibu 3,000 kwa ujumla, na hazikuona faida. Mwaka huohuo dawa ya siklosporini, iliyotarajiwa kuzuia yale matundu ya mitokondria na iliyofanya vizuri kwa wagonjwa 58 mwaka 2008, haikufaa kitu kwa wagonjwa 970. Mwaka 2019 wagonjwa 5,401 wa mshtuko wa moyo katika Uingereza, Denmark, Hispania na Serbia waligawanywa, nusu wakafungwa mkanda. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 9.4 ya waliofungwa walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa moyo au kulazwa kwa moyo kushindwa kazi, na asilimia 8.6 ya wasiofungwa. Tofauti hiyo haina maana kitakwimu. Mkanda haukusaidia.

Watafiti wametoa maelezo yao. Wanyama wa maabara ni vijana, hawana kisukari wala presha, na hawanywi dawa yoyote. Wagonjwa ni wazee wenye vyote vitatu. Katika nchi zile, mgonjwa hufunguliwa mshipa mapema kiasi kwamba kilichobaki cha kuokolewa ni kidogo. Kwa maoni yangu maelezo haya ya mwisho ndiyo yenye uzito, na ndiyo yanayotuhusu sisi, kwa sababu yanakiri kwamba mshindani aliyeushinda mkanda ni mwendo wa haraka.

Sasa njia inaingia kwetu. Kwa muda mrefu vitabu vilifundisha kuwa ugonjwa huu haupo Afrika Mashariki, na kwa zama zile havikusema uongo. Mwaka 1956 Hugh Trowell na S. A. Singh walichapisha katika East African Medical Journal habari za Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja alitosha kuwa makala. Mwaka 1960 madaktari walilinganisha maiti 632 zilizopasuliwa Uganda na idadi kama hiyo ya St Louis, Marekani. St Louis walipata makovu ya mshtuko wa moyo 136. Uganda walipata moja.

Dunia hiyo imepita. Chumvi, mafuta, sigara, kukaa kitako, kisukari na presha vimefika hadi vijijini, lakini fundisho la zamani halikuondoka vichwani mwa wagonjwa, na mwa waganga pia. Mwaka 2020 kundi la watafiti, akiwamo Julian Hertz wa Duke na Francis Sakita wa Hospitali ya Rufaa ya KCMC, Moshi, walichapisha walichokiona katika idara ya dharura ya KCMC. Duke hii ni ileile ya Reimer, Jennings na Murry. Walichunguza watu wazima 681 waliofika na maumivu ya kifua au kupumua kwa shida. Waliokuwa na mshtuko wa moyo walikuwa 152, zaidi ya mmoja kati ya watano. Kwa wastani walikuwa wameishi na dalili kwa siku 6.6 kabla ya kufika. Waliopewa aspirini katika idara ya dharura walikuwa 35. Aliyepewa dawa ya kuyeyusha donge hakuwapo hata mmoja. Baada ya siku 30, zaidi ya wanne kati ya kila kumi walikuwa wamefariki.

Nimezisoma tarakimu hizo nikiwa natoka kwenye dakika 40 za mbwa wa Reimer, na sioni namna ya kuzisoma kwa utulivu. Tunajadili siku katika ugonjwa unaohesabiwa kwa dakika. Kidonge kilichothibitishwa mwaka 1988 kiliwakosa watatu kati ya wanne. Timu hiyohiyo ya Moshi haikuishia kulalamika. Imeandaa mpango wa kadi za mfukoni za kuwakumbusha madaktari, kadi za mapokezi za kumtambua mgonjwa wa kupimwa haraka, na vipeperushi vya kumwelimisha mgonjwa mwenyewe. Dar es Salaam nayo ina Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, ambako mishipa iliyoziba huzibuliwa kwa puto na vyuma vidogo. Lakini kutoka Moshi hadi huko ni zaidi ya kilomita 500, na aliye Kigoma yuko mbali zaidi. Kwa hiyo kila hospitali ya wilaya inastahili kuwa na mashine ya ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, inayofanya kazi usiku, mtu wa kuisoma, aspirini kwenye meza ya mapokezi, na dawa ya kuyeyusha donge kwenye jokofu. Wenye dhamana ya bajeti wasituambie kuwa ushahidi haujakamilika. Ulikamilika kabla wauguzi wengi wa leo hawajazaliwa.

Na wewe msomaji, ukishikwa na kubanwa au uzito katikati ya kifua unaopita robo saa, ukapanda shingoni, tayani, mgongoni au kushuka mkono wa kushoto, ukatokwa jasho la baridi au kukosa pumzi, usiseme ni gesi wala vidonda vya tumbo, na usisubiri kupambazuke. Wanawake na wenye kisukari wawe waangalifu zaidi, maana kwao maumivu huweza kuwa madogo na kichefuchefu au uchovu wa ghafla ukatangulia. Waamshe walio nyumbani, tafuta usafiri, nenda kwenye hospitali yenye ECG, uiombe kwa jina lake, na uliza kuhusu aspirini ya kutafuna, ukimweleza mhudumu kama una mzio nayo au tatizo la kutokwa damu. Mwambie pia ni saa ngapi maumivu yalianza.